Willy Gamba Hafi

Nilimjua mpelelezi kabla sijajua upelelezi ni nini. Alikuwa Willy Gamba, wa riwaya za Elvis Musiba, na nakala iliyotufikia Kakonko haikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Tulikuwa tunaisoma kwa zamu, siku mbili mbili, kisha tunabishana nani angemweza Willy. Jibu lilikuwa lilelile: hakuna. Kwa kuwa kurasa za mwisho hatukuwa nazo, kila mmoja alimalizia mwenyewe, na hakuna aliyemuua.

Nikiwa kidato cha pili alifariki baba wa rafiki yangu. Mwili uliletwa kutoka mbali na jeneza halikufunguliwa. Msoma wasifu alitaja alikozaliwa marehemu, shule alizosoma, watoto aliowaacha. Alipofika kwenye kazi akasoma kwamba alikuwa mtumishi wa serikali na amefariki akiwa kazini. Basi. Mwalimu akifa husemwa alikuwa mwalimu, nesi husemwa nesi. Nyuma kabisa ya turubai walikaa wanaume watatu tusiowajua. Walitoa rambirambi, wakaondoka kabla ya chakula. Jioni kijiweni kila mtu alikuwa na jibu: "Yule alikuwa shushushu." Walilisema kwa sauti ya chini, na wengine wakacheka.

Shushushu, kachero, jasusi, mtu wa usalama. Maneno tunayo mengi, na karibu yote yana hofu au kejeli ndani yake. La kumwita akishakufa hatuna.

Hili si la jana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hadi huku Buha. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 na kubaki hadi 1921. Kwa upande wa Waingereza, ujasusi wa Afrika Mashariki tangu 1915 uliongozwa na Richard Meinertzhagen, yuleyule aliyemuua Koitalel arap Samoei wa Wanandi mwaka 1905. Katika shajara alizochapisha anajisifu kwamba mawakala wake waliokota barua na maagizo ya kijeshi kwenye vyoo vya maofisa wa Kijerumani. Wanahistoria wamezitilia shaka sana shajara hizo, na wana sababu. Ila ona mambo yalivyo: msimuliaji mwenye kutiliwa shaka anaandikiwa vitabu, na waliotumwa kuchokoa vyoo vya adui, wakijua wakikamatwa ni risasi, wanabaki "mawakala". Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawakumbuka askari na wapagazi. Wapelelezi wamo kwenye kundi la wengineo.

Wenzetu wanafanyaje? Kwenye makao makuu ya CIA, Langley, kuna ukuta wa marumaru wenye nyota, moja kwa kila mtumishi aliyekufa kazini. Ulianza 1974 na nyota 31. Leo zimepita 130. Chini yake kuna kitabu. Nyota nyingine zina jina kitabuni, nyingine zina mwaka tu na nafasi tupu. Nyota mbili zilitoka Nairobi, kwenye bomu la Agosti 7, 1998 lililoua watu 213: za Tom Shah na Molly Huckaby Hardy. Walizikwa kama watumishi wa kawaida wa ubalozi. Ukweli ulikuja baadaye.

Ufaransa nayo ilimpoteza afisa wake nchini Somalia. Alitekwa Mogadishu Julai 2009, akauawa Januari 2013 makomando walipokwenda kumwokoa Bulo Marer. Dunia nzima ilimlilia kama Denis Allex. Kumbe hilo lilikuwa jina la kazi.

Kwetu, Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996 inakataza kufichua taarifa zinazoweza kumtambulisha afisa wa kazi za siri au mtoa habari wake. Naielewa. Nimekulia karibu na mpaka wa Burundi, nimeona wakimbizi wakimiminika na nimesikia habari za bunduki zilizovuka nao. Jina moja likitajwa ovyo, mjumbe wa nyumba kumi aliyenong'ona anaweza asiamke kesho. Najua pia kuna wasomaji ambao neno "usalama" linawakumbusha mlango uliogongwa usiku. Sitaki kuwafutia hilo. Kumkumbuka aliyekufa hakuifanyi idara yake kuwa ya malaika.

Lakini siri inayomlinda aliye hai, inamlinda nani miaka 30 baada ya maziko? Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, tunapiga tarumbeta. Sidhani nyota moja isiyo na jina ingemhatarisha mtu. Ingempa mjane mahali pa kusimama.

Desemba iliyopita nilikwenda na rafiki yangu kusafisha kaburi. Binti yake wa miaka saba alikuwa anang'oa majani pembeni ya msalaba, akauliza, "Baba, babu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mtumishi wa serikali."

"Kama mwalimu?"

Akanitazama kidogo, kisha akainama kuendelea na majani. "Eeh, mama. Kama mwalimu."