Ng'ombe Walioenda Vitani

Kwetu Korbesa, ukimuuliza mzee habari za vita, atakuuliza kwanza: ipi? Ya Mtaliano, ama Gaf Daba?

Ya Mtaliano ilianza Juni 1940. Italia tayari ilikuwa imeshika Ethiopia, na mwezi uliofuata Waingereza wakaiacha Moyale. Ghafla Isiolo, mji mdogo wa karantini ya mifugo, ukawa mlango wa vita. Malori yalipita hapo yakielekea Marsabit na Wajir, yamejaa askari wa KAR na wenzao kutoka Afrika Kusini na Afrika Magharibi.

Sasa jiulize: jeshi hilo lote lilikula nini?

Nyama, bila shaka. Serikali ya kikoloni iliwawekea wafugaji idadi ya ng'ombe wa kuuza, na bei akapanga mnunuzi mwenyewe. Kule Athi River kulikuwa na kiwanda, kimejengwa miaka michache tu kabla ya vita, cha kutia nyama kwenye makopo. Babu yangu alikuwa mvulana mchungaji wakati huo. Alizoea kutuambia hajawahi kushika bunduki, lakini ng'ombe wa baba yake walienda vitani. Hawakurudi.

Aprili 1941 Addis Ababa ilitekwa. Shuleni tulisoma majina ya majenerali. Ng'ombe? Hata sentensi moja hawakupata.

Halafu ikaja Gaf Daba, wakati kila kitu kiliposimama. Ndiyo ile vita ya shifta, 1963 hadi 1967. Watu wale wale waliolisha jeshi la jana, serikali mpya ikawaona maadui. Waborana wa Isiolo walikusanywa kambini Merti, Garba Tulla na Modogashe. Mifugo iliyokutwa nje ilipigwa risasi au kuchukuliwa. Iliyobaki kambini ikafa kwa kukosa malisho. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga waliotenda hayo wasishtakiwe.

Nikiwa Nairobi huwa napita soko la nyama la Burma. Jina lake ni la nchi ambako askari wa KAR walipigana baada ya Ethiopia. Vita imekumbukwa pale, kwenye kibao. Lakini ng'ombe wa Merti bado wanashushwa mjini kwa malori, na sijasikia mteja akiuliza: hii nyama imetoka kwa nani?