Fahamu sarafu za dhahabu za Roma na miungu waliochorwa humo

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, makaizari wa Roma walikuwa tayari wanaweka sura zao kwenye dhahabu. Upande wa pili mara nyingi alikaa mungu. Hakukuwa na redio wala gazeti, na sarafu ilifika mpaka kambi ya jeshi ya mbali, kwa hiyo ujumbe ulipita hapo.

Sarafu hiyo iliitwa aureus. Ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha, na enzi za Augusto ilikuwa na uzito wa karibu gramu 8. Nero akaipunguza mwaka 64 BK. Ndiyo, kushusha thamani ya pesa hakukuanza jana.

Chukua ya Tiberio, aliyetawala Yesu alipokuwa akihubiri. Upande mmoja imeandikwa kwamba yeye ni mwana wa Augusto aliyefanywa mungu, upande wa pili kwamba ni kuhani mkuu. Dinari ya fedha yenye picha hizo hizo ndiyo wataalamu wengi wanadhani ilitajwa kwenye Injili, katika lile swali la kodi. Sasa fikiria Myahudi wa Yerusalemu anaishika mkononi. Kwake haikuwa hela tu.

Konstantino ndiye anachanganya watu. Anajulikana kama kaizari wa kwanza Mkristo, lakini medali ya dhahabu ya mwaka 313 inamwonyesha bega kwa bega na Sol, mungu jua. Jua likaendelea kuonekana kwenye sarafu zake kwa miaka kadhaa. Ukiangalia kisiasa inaeleweka: jeshi lake lilikuwa na watu wa kila imani, na wote walisubiri mshahara.

Yeye ndiye pia alileta solidus, sarafu ya gramu 4.5 hivi iliyodumu karibu miaka 700.

Miungu ya zamani haikufukuzwa siku moja. Karibu mwaka 420, Victoria, mungu wa kike wa ushindi, bado yupo kwenye solidus, ila sasa ameshikishwa msalaba mrefu. Miaka 100 baadaye, enzi za Justin wa Kwanza, nafasi yake ikachukuliwa na malaika wa kiume.

Kisha karibu mwaka 692 Justinian wa Pili akaweka sura ya Kristo upande wa mbele, na yeye mwenyewe akahamia nyuma akiwa ameshika msalaba. Haikupita miaka mingi, Khalifa Abd al-Malik wa Damascus akatoa dinari yake ya dhahabu, mwaka 77 Hijria: hakuna sura ya mtu, ni maandishi ya dini pekee.

Jina "dinari" lenyewe limetoka kwa denarius ya Roma. Na ile "s" ambayo Waingereza waliandika kwenye hesabu zao kumaanisha shilingi? Ni ya solidus.