Umri wa Tequila Unaanzia Shambani

Wengi wetu wa mjini tequila tunaijua kwa chumvi na ndimu. Unalamba, unabugia, unang'ata, unakunja uso, basi. Leo nataka tuongelee yale yaliyotokea kabla hujakunja uso.

Tuanze na mmea. Tequila inatokana na agave ya buluu, ambayo ni ndugu wa mkonge wetu. Na mkonge asili yake ni hukohuko Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu, na hapo ndipo yalipoanzia mashamba makubwa ya mkonge Tanganyika. Sisi tukasuka kamba. Watu wa Jalisco walikuwa wameshajifunza zamani kupika kinywaji kutokana na jamaa yake.

Wanapikaje? Agave inaachwa ardhini miaka 6 hadi 8. Mvunaji, kule wanamwita jimador, anafyeka majani yote mpaka kinabaki kiini kikubwa mfano wa nanasi. Mafundi wanaofuata njia ya kale hukioka kwenye tanuri la matofali kwa siku mbili tatu hadi kiwe kitamu, wanakiponda, wanakamua maji yake na kuyaacha yachachuke. Kisha yanachemshwa na mvuke wake kupoozwa uwe kinywaji, kwa kanuni ileile anayoijua kila mpika gongo, ila hapa inafanyika mara mbili. Kinachotoka mwanzo na mwisho kinatengwa. Kinachotakiwa ni cha katikati.

Wakubwa hawakukipenda kila wakati. Mwaka 1785 mfalme wa Hispania, Carlos III, alikipiga marufuku ili pombe kutoka Hispania zipate soko. Wapikaji wakaendelea kwa kujificha. Mwaka 1795 ruhusa ikarudi, na familia ya Cuervo ikapata kibali. Serikali ilishagundua kwamba kodi inalipa kuliko msako!

Sasa tuje kwenye pipa. Zamani lilikuwa chombo cha kuhifadhia na kusafirishia tu, lakini mbao za mwaloni zinaachia rangi na harufu, na watu wakapenda. Leo sheria ya Meksiko inahesabu muda huo. Blanco haikai kwenye pipa, au inakaa chini ya miezi 2. Reposado, yaani iliyopumzika, inakaa kuanzia miezi 2. Añejo inaanzia mwaka 1, na pipa lake lisizidi lita 600. Mwaka 2006 likaongezwa daraja la extra añejo, la miaka 3 na kuendelea. Mapipa mengi yanakuwa yameshatumika kwa wiski ya Marekani, ndiyo maana reposado ina kaharufu ka vanila.

Hapa ndipo ninapotaka ufikiri nami. Tunalipia miaka ya kwenye pipa kwa sababu imeandikwa kwenye chupa. Miaka ya shambani haiandikwi. Agave inapandwa kwa machipukizi ya mmea mama, kwa hiyo shamba zima linafanana, na ugonjwa ukiingia unafyeka. Ilitokea mwishoni mwa miaka ya 1990: agave ikaadimika, bei ikapaa, na uhaba wa namna hiyo humshawishi mkulima kuvuna mmea mchanga. Tangu 1970 sheria pia inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwingine.

Pipa linaweza kupaka rangi juu ya haraka hiyo. Blanco haina pa kujificha. Ndani yake unaonja shamba na mkono wa fundi. Kwa hiyo siku ukiletewa chupa, kabla hujauliza imekaa miaka mingapi, tafuta kwanza maneno haya: asilimia 100 agave. Halafu kunywa taratibu, rafiki yangu. Aliyepanda alisubiri miaka 6; wewe unashindwaje dakika kumi?