Mpini, Makali na Umeme: Zana za Fundi katika Nchi ya Ntuzu

Utamaduni wa taifa mara nyingi huelezwa kwa ngoma, nyimbo, mavazi na mila za arusi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yamepunguka. Mtu aliyepata kuitazama ngoma ya Bugobogobo ikichezwa Bariadi au Maswa amewaona wachezaji wakirusha majembe hewani na kuyadaka, wakiyazungusha kwa kufuata mapigo, kama walivyofanya vijana wa zamani walipokwenda kulima kwa pamoja chini ya uongozi wa nsumba ntale. Watazamaji huusifu ufundi wa mchezaji. Ni wachache wanaouliza jembe lile lilifuliwa na nani, kwa chuma cha wapi, na kwa nini mpini wake una kichwa kinene namna ile. Katika insha hii tumekusudia kuyauliza maswali hayo, na kuyafuata mpaka katika karakana za leo ambamo umeme umekwisha kuchukua nafasi ya mkono katika kazi nyingi.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Lakini Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa zilikuwa nchi zenye watemi wao muda mrefu kabla ya mipaka hii kuchorwa, na katika nchi hizo jembe, ambalo Wasukuma huliita igembe, halikuwa kifaa cha shambani tu. Lilikuwa mali ya kuwekwa akiba. Lilitolewa mahari, lililipwa faini, na katika biashara ya Usukuma na Unyamwezi lilishika nafasi ya fedha. Majembe mengi yalitoka magharibi, upande wa Geita na Uzinza, walikokaa Warongo, mafundi mashuhuri wa kuyeyusha na kufua chuma. Kutoka huko yalichukuliwa mabegani mpaka mashariki ya Usukuma, na mengine yalishuka kusini hadi Tabora.

Inafaa mwanafunzi azingatie jinsi kazi ile ilivyokuwa nzito. Mawe ya chuma yalichimbwa, yakavunjwa, yakapangwa pamoja na mkaa katika tanuri la udongo. Mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa kwa kupitia mirija ya udongo, na watu walibadilishana zamu ili moto usipoe. Kilichopatikana hakikuwa chuma safi bali donge lililochanganyika na takataka zile ambazo kwa Kiswahili huitwa mavi ya chuma. Nazo ziliondolewa kwa kulipasha donge moto na kuliponda tena na tena juu ya fuawe la jiwe. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko, na wengine wetu tuliosoma shule za kikoloni tulifundishwa kuicheka miiko hiyo. Kicheko hicho kilificha elimu. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza matokeo ya utafiti wao katika nchi ya Wahaya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria: kwamba wahunzi wa huko waliyeyusha chuma katika matanuri yenye joto kali tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Walichokikuta wageni wa karne ya 19, basi, kilikuwa elimu kongwe iliyokuwa ikitumika bado.

Sasa tulitazame jembe lenyewe. Bamba lake lilikuwa na umbo la moyo, na nyuma yake lilikuwa na mkia mwembamba uliochongoka. Mkia huo ulipashwa moto ukatobolea njia yake katika kichwa cha mpini. Ndiyo sababu kichwa kikawa kinene: kingalikuwa chembamba kingalipasuka, na unene wake ulilipa jembe uzito wa kuingia ardhini bila mkulima kutumia nguvu nyingi. Kila pigo liliuzamisha mkia zaidi, kwa hiyo jembe lilijikaza lenyewe kadiri lilivyotumika. Mti wa mpini ulichaguliwa mapema na kukaushwa polepole, kwani mti mbichi hunywea baadaye na kuliachia bamba. Shoka nalo lilifungwa kwa njia hiyo hiyo. Na mahali pengi katika Afrika mtu aliweza kulichomoa bamba la shoka, akaligeuza upande, akapata tezo la kuchongea vinu na vigoda. Wahenga waliposema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni, walisema neno la fundi kabla halijawa neno la mshairi.

Tunalotaka kulisisitiza hapa ni uhusiano wa mtumiaji na kifaa chake. Mkulima wa Ntuzu hakuweza kuyeyusha chuma. Hiyo ilikuwa siri ya wachache. Lakini aliweza kulinoa jembe, kulibadilishia mpini, kulipeleka kwa mhunzi wa jirani lipondwe upya lilipolika, na hatimaye kulitumia bamba lililobaki kama kisu au kipalilio. Alilichagua kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake, kwa kulipima mkononi, kwa kutazama kama makali yamenyooka. Chombo kilikuwa chake kwa sababu uhai wake ulikuwa mikononi mwake.

Uhusiano huo ulivunjwa na reli. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikawa na njia fupi ya kuzileta bidhaa za Ulaya hadi Mwanza. Mwaka 1928 ikakamilika reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, ambayo hupita Malampaka katika nchi ya Maswa. Jembe la kiwandani likaja kwa maelfu. Lilikuwa na tundu la kuingizia mpini badala ya mkia, lilikuwa jepesi kununua, na mkulima wa pamba aliyetakiwa alipe kodi kwa fedha taslimu hakuwa na sababu ya kungoja jembe la Mrongo. Hatumlaumu. Matanuri yakazimika moja baada ya jingine, na katika muda wa kizazi kimoja tu watu waliojua kuyeyusha chuma wakazeeka bila ya kupata wanafunzi.

Hata hivyo mhunzi hakufa pamoja na tanuri. Aliokota chuma kilichotupwa, hasa springi za magari, akaendelea kufua visu, mikuki na mashoka. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea Usukuma, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, yeye ndiye aliyetakiwa alitengeneze, kwa kuwa ncha yake hulika upesi katika ardhi nzito ya mbuga, na duka la vipuri lilikuwa mbali. Mkokoteni nao ni kazi ya mafundi wetu: ekseli na magurudumu ya gari kuukuu, juu yake mbao, mbele yake mti wa nira. Viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa na injini zao, na mtu aliyepata kibarua humo aliweza kuona jiriwa, tupa na keekee zikitumika kila siku.

Useremala ulifika kwa njia nyingine, na lugha yenyewe inatutolea ushahidi. Neno randa lina asili ya Kiajemi, na Wahindi wanalitumia kwa kifaa kile kile. Parafujo ni neno la Wareno. Msumeno, kwa upande mwingine, ni neno letu, na meno yake yamo ndani ya jina. Mfuko mmoja wa seremala wa Bariadi, basi, una historia ya Bahari ya Hindi nzima ndani yake, ijapokuwa mwenyewe huenda hajapata kuiona bahari. (Walimu wa Kiswahili wanaotafuta zoezi la msamiati wangefanya vyema kuwapeleka wanafunzi kwa seremala kwa saa moja tu.)

Baada ya Uhuru serikali ililitambua jambo hili. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka kila shule iwe na kazi za mikono. Mwaka 1973 sheria ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na katika miaka hiyo hiyo kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kikitoa majembe ya Kitanzania. Nia ilikuwa njema, lakini katika shule nyingi kazi ya mikono ikageuka kuwa kilimo cha shamba la shule peke yake, na sanduku la zana likafungiwa ofisini zisije zikaibwa. Bidhaa zilipoadimika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa vijijini waliitwa tena, na springi ya lori ikawa mali.

Tunafika sasa katika zama za umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nyaya zimefika katika vijiji ambavyo zamani vilikuwa na taa za chemli tu. Pembeni mwa barabara za Bariadi, Lamadi na Mwanhuzi utasikia mashine za kuchomelea na za kuranda. Mbao nazo zimebadilika. Miti migumu ya asili imepungua, maana sehemu kubwa ya pori la Usukuma ilifyekwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba, na ingawa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza wananchi kurudisha ngitili zao, fundi hapati mbao ngumu kirahisi. Hununua mbao za paini, zinazotoka mbali kama Sao Hill huko Mufindi. Mbao laini hukubali mashine upesi, na huharibika kwa mashine upesi vile vile.

Kijana anayetaka kuanzisha karakana nyumbani, au mwalimu aliyepewa fedha kidogo kwa ajili ya shule, hushawishika kununua mashine kwanza. Sisi twaona aanze na futi, pembemraba, msumeno, randa, patasi mbili tatu, nyundo, tupa na jiwe la kunolea. Sababu si kuyapenda ya kale. Mkono ukikosea kwa msumeno huharibu nusu inchi, na masikio husikia kosa likianza; mashine hukosea ubao mzima kabla mtu hajafumba jicho. Tena zana hizo zote, ukiacha futi na pembemraba, hurudishiwa uhai kwa tupa na jiwe. Kinolewacho hupata. Kati ya zana za umeme ya kwanza iwe ya kutobolea, kwa kuwa hutumika katika mbao, chuma na ukuta, na hatari yake ni ndogo kuliko za nyingine.

Na ziko hatari ambazo wazee wetu hawakuzijua, wala hazionekani kwa macho wala hazisikiki kwa kugonga. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, na ya Japani volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja katika ukuta wetu huungua, na fedha huenda na moshi. Kibandiko cha mashine kisomwe kabla ya bei kuulizwa. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia hupunguza nguvu njiani, mota ikahema na kupata joto. Mafundi wengi huilaumu mashine kumbe kosa ni la waya.

Kifaa kinachotutia hofu zaidi kuliko vyote ni kile cha kukatia na kusagia chuma, ambacho mafundi huita grainda. Kile kidogo, chenye diski ya milimita 115, huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kustahimili takriban mizunguko 6,600 tu. Fundi anayevua kinga ya grainda ndogo ili aifungie diski kubwa, kwa kutaka ifike mbali, amejitengenezea bomu. Diski ikipasuka vipande vyake huruka mithili ya risasi. Wengine huifungia msumeno wa duara wa mbao, ambao ukinasa katika fundo la mti huirusha mashine nzima kuelekea mwilini. Tumewaona vijana wakifanya haya bila miwani, wamevaa ndala, wakicheka. Mhunzi wa Kirongo alikuwa na miiko iliyomlinda mwanafunzi asikaribie moto kabla ya wakati wake. Karakana nyingi za leo hazina mwiko wowote, na kijana hukabidhiwa grainda siku ya kwanza.

Ukipita Bariadi wakati mvua za vuli zinapokaribia, utakuta plau zimepangwa mbele ya karakana zikingoja. Fundi hukata kipande cha springi ya gari kwa grainda, hukipasha moto wa mkaa unaopulizwa na feni ndogo ya umeme, hukiponda juu ya kipande cha reli mpaka kipate umbo la ncha, kisha hukichomelea pale penye ulaji. Mwisho huchukua tupa na kuyatengeneza makali kwa mkono, akiinamisha kichwa kutazama kama yamenyooka. Mwenye plau huigonga kwa jiwe, husikiliza, ndipo hutoa fedha.