Nuru Ikikutana na Nuru

 

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zimekolea hapa Kitangari, koroboi ilipinduka barazani kwa chuo chetu, na mafuta ya taa yakatiririkia katika kidimbwi cha maji uani. Mara maji yakavaa rangi: nyekundu, kijani na zambarau, zikizungukana kama zile za shingo ya njiwa. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, akaniuliza, "Maalim, rangi hizi zimetoka wapi?" Nikamjibu kwamba zimo ndani ya mafuta. Akasema, "Nimeyatazama chupani, Maalim. Ni meupe kama maji." Nikamkemea arudi kwenye ubao wake. Mtoto alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimesema nisilolijua. Maneno ya leo ni kulipa deni lake.

Katika jambo hili la nuru, wa kuanza naye ni Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Wanachuoni wakubwa wa Kiyunani, Euclid na Ptolemy, walikuwa wameandika kwamba jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu kinachoonwa, na watu wakiyakariri maneno hayo kwa heshima ya wenyewe. Ibn al-Haytham hakuridhika na kukariri. Katika Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, alithibitisha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Aliwasha taa kadhaa, kila moja mahali pake, mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Ukutani mle ndani yakaonekana madoa ya nuru kwa hesabu ya taa. Alipoifunika taa moja, likatoweka doa lake peke yake. Basi nuru zote zilikuwa zikipita katika tundu lile moja, wala hazikuharibiana njiani. Naomba msikilizaji alishike neno hilo, maana tutalirudia.

Kitabu hicho kiligeuzwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Mwaka 1704 Mwingereza Isaac Newton alitoa kitabu chake mwenyewe cha nuru, akaelemea kwenye rai kwamba nuru ni chembe ndogo mno zirukazo kama mishale. Newton alikuwa bingwa asiye na mfano, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwani baada yake heshima ya jina lake ikawa ukuta.

Aliyeugonga ukuta huo ni Thomas Young, tabibu wa London, kuanzia mwaka 1801. Yeye alisema nuru ni mawimbi. Ili tumfahamu, na tushuke kutoka uwanda wetu huu wa Makonde hadi kwa wavuvi wa Mikindani. Wao wanajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Na mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Sababu ni kwamba mwezi na jua kila kimoja huinua wimbi lake baharini. Vilele vya mawimbi hayo vikiangukiana, hujumlishana. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, hupunguzana. Newton mwenyewe alikuwa amekwisha kueleza kwa njia kama hiyo habari ya bandari moja ya Tonkin, nchini Vietnam, ambako siku fulani maji hayapandi wala hayashuki. Alilikubali jambo hilo kwa bahari, lakini kwa nuru hakulifikisha.

Young alilifikisha. Mwaka 1803 aliingiza uzi mwembamba wa jua kwa tundu la dirisha, akausimamishia ukingo wa karatasi ngumu ili nuru ipite pande mbili. Katika kivuli yakatokea mapande ya nuru na giza kwa zamu. Alipouziba upande mmoja, mapande yale yakatoweka. Maana yake ni kwamba mahali penye giza palipata nuru kutoka pande zote mbili, nazo zikafutana pale pale, kisha kila moja ikaendelea na safari yake salama, kama taa za Ibn al-Haytham.

Na hilo ndilo jibu la kidimbwi chetu. Utando wa mafuta una nyuso mbili. Sehemu ya nuru hurudi kutoka uso wa juu, na nyingine hupenya, ikarudi kutoka pale mafuta yanapokutana na maji, ikiwa imekwenda mwendo mrefu kidogo zaidi. Mawimbi ya rangi nyekundu yapata 1,400 hujipanga katika milimita 1, na ya zambarau yapata 2,500. Kwa hiyo unene unaoifuta rangi moja huikuza nyingine. Rangi hazimo chupani hata kidogo.

Young alilipwa dhihaka. Henry Brougham alimkejeli katika jarida la Edinburgh Review, na kijitabu alichokiandika kujitetea, kwa maneno yake mwenyewe, kiliuzwa nakala moja tu. Baadaye, Mfaransa Fresnel alipoleta hesabu za mawimbi mbele ya wanachuoni wa Paris, Poisson alizipinga akisema kwamba, zikiwa kweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo lazima pawe na nukta ya nuru, na hilo ni muhali. Arago akakiweka kisahani, akatazama. Nukta ilikuwapo. Mwaka 1819 Fresnel akapewa tuzo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba nuru inayogonga madini na kung'oa chembe za umeme hufanya hivyo kwa mafungu, kana kwamba Newton naye alikuwa na haki yake. Mwaka 1909 huko Cambridge, Geoffrey Taylor akafifisha nuru mno, hata isiweze kudhaniwa kuwa mafungu mawili yako njiani pamoja, akaiacha ipige picha ya kivuli cha sindano kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mistari ya nuru na giza ikatokea vile vile.

Nilipokwisha kujifunza haya nilimwita yule mwanafunzi, ambaye alikuwa amekua na kuanza sekondari. Nikamwambia kwamba siku ile nilimkosea, kisha nikamweleza kama nilivyowaeleza. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema, "Lakini, Maalim, fungu likipita peke yake, hukutana na nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hesabu yake mabingwa wameafikiana. Maana yake bado wanabishana." Akafungua daftari lake akaliandika swali.