Vikaragosi vya mazimwi katika madarasa ya awali

KIKARAGOSI ni sanamu ndogo inayochezeshwa kwa mkono, kijiti au uzi. Jina hilo huhusishwa na Karagöz, mhusika wa maonyesho ya vivuli ya Waturuki. Lakini kwa mwalimu wa watoto wadogo katika eneo la Nambale, kaunti ya Busia, chanzo cha karibu zaidi ni linani, zimwi la hadithi za Waluhya, ambalo wingi wake ni amanani. Mtoto wa Kikhayo huenda amekwisha kulisikia kwa nyanyake: lina uchu wa kula watu, na mara nyingi hushindwa na aliye mdogo. Mwenzake wa Kiteso naye ana hadithi za kwao. Hakuna haja ya kuiga madubwana ya filamu za kigeni.

Vifaa havigharimu sana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na mfuko mdogo wa karatasi ya kaki ndio ufaao zaidi. Kitako chake kilichokunjwa huwa kinywa: mtoto hutia mkono ndani, vidole vikaingia kwenye kunjo, navyo vikipanda na kushuka zimwi linasema. Meno hutokana na maganda makavu ya mahindi, nywele na nyuzi za mkonge, mavazi na mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, zao lisiloadimika Busia. Upakwe kidogo tu, kisha kikaragosi kianikwe hadi kikauke kabisa, la sivyo kitaota ukungu.

Mtoto achane karatasi kwa mikono. Mkasi ubaki kwa mwalimu. Maharagwe ya kutengenezea macho yaepukwe, kwani watoto huyatia puani na masikioni. Mkaa unatosha.

Manufaa makubwa huonekana kwa mtoto mnyamavu. Asiyethubutu kujibu swali huweza kulisemesha zimwi lake, hasa akiruhusiwa kutumia lugha ya nyumbani, jambo linalokubaliwa na mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019.

Kazi hii huharibika pale mwalimu anapoligeuza zimwi kuwa kiboko kipya, akiwatisha wanaopiga kelele kwamba litawala. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mateso ya kimwili na ya kisaikolojia pia. Zimwi ni la mtoto aliyelitengeneza. Yeye ndiye aamue lina njaa ya nini na linaogopa nani.

Anayelia asilazimishwe kulivaa. Apewe mfuko mtupu, aanze na jicho moja. Kipindi kikiisha, mazimwi hulazwa kwenye katoni, na kifuniko hufungwa na watoto wenyewe.