Utazamaji wa Tiba ya Meno

Utazamaji wa tiba ya meno ni desturi ya mtaka elimu kusimama, kwa idhini ya tabibu na ridhaa ya mgonjwa, kando ya kiti cha matibabu, ili aijue kazi kabla ya kuiombea chuo. Marekani vyuo vingi huhesabu saa zake. Lakini katika chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, ambako shahada ya tiba ya meno huchukua miaka 5, hutazamwa matokeo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hata hivyo kijana wa Ruanda, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, aliyekwisha kuona sindano ya ganzi ikizama taratibu ufizini, na koleo likilitikisa gego hata likalegea, amepata maarifa adhimu ambayo cheti hakiyatoi.